Siku Mama Mkwe Alipopanda Gari la Chaji

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema haya mawili mapema kwa sababu bila fizikia nisingenunua gari la umeme hapa Bunia, mkoani Ituri, na bila hasira nisingeweza kulitetea mbele ya watu wote walionicheka.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la milango mitano. Lilikuja kutoka Uganda juu ya lori pamoja na magari mengine yaliyokwisha kutumika, likakaa kwenye uwanja wa mfanyabiashara miezi mingi. Watu walikuwa wakija, wanalizunguka, wanatafuta mahali pa kumimina esansi, hawapaoni, wanaondoka zao. Siku nilipomwambia yule mfanyabiashara kwamba nalitaka, alinishika mkono haraka kabla sijabadili mawazo, na bei aliyonipa ilikuwa ya kutupa.

Mtaani wakaanza kuniita mwalimu wa chaji. Kila asubuhi nikitoka, fundi wa baiskeli aliye kwenye kona ananiuliza: "Mwalimu, leo gari imekula jua ya kutosha?" Wiki ya kwanza nilimjibu vibaya. Wiki ya pili nilisimama nikamweleza habari ya mkondo na betri, nikachora hata kwenye vumbi kwa kijiti, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akaniuliza swali lilelile. Nikamwacha.

Lakini ni kweli kwamba gari langu linakula jua. Nina paneli sita juu ya bati, betri mbili ndani ya chumba cha kulia, na mashine ya kugeuza umeme ambayo mke wangu ameitandikia kitambaa cha kufuma ili wageni wasiione. Kutoka hapo waya unapita dirishani na kuingia kwenye gari. Jua likiwa zuri, siku tatu zinatosha kulijaza. Mawingu yakiingia, ni juma zima. Umeme wa mji nao huja unapotaka na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo siuwekei hesabu. Nyumbani tulipatana hivi: gari likiwa kwenye waya, friji inazimwa na hakuna anayepiga pasi. Mke wangu alilikubali sharti hilo huku akinung'unika, na kusema kweli alikuwa na haki.

Betri ya gari ni ya zamani. Ikijaa, kioo kidogo cha nyuma ya usukani kinaandika kilomita tisini. Kioo hicho kinadanganya. Kwa barabara zetu na vilima vyetu unapata sitini na kitu, na hizo pia unazipata kwa adabu. Nilijifunza kwenda kilomita arobaini kwa saa na kutotamani zaidi. Nilijifunza kujaza matairi mpaka yawe magumu, kufunga madirisha, kuona shimo mapema ili nisikanyage breki bure. Raha yangu kubwa ikawa mteremko: ukiachia mguu, gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Mara ya kwanza kuona namba ikipanda badala ya kushuka nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Mtu mwenye hasira kama mimi, ambaye zamani nilikuwa nikipigia honi hata mbuzi, nikawa dereva mpole kuliko wote wa Bunia. Mke wangu alisema gari hilo limefanya kazi ambayo padri wa ndoa yetu ilimshinda.

Sasa nije kwa mama yake.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa Iga Barrière, kilomita kama thelathini kutoka kwetu. Ana ng'ombe wake, shamba lake na fimbo yake. Miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu, hakuwahi kuingia nyumbani kwetu. Si kwa chuki. Harufu ya petroli na dizeli, kwetu esansi na mazutu, inamgeuza tumbo. Alipanda gari mara mbili maishani, na mara zote mbili alishushwa njiani akitapika mpaka akakosa nguvu za kusimama. Zamani angeweza kutembea, lakini magoti sasa yanakataa. Pikipiki hataki hata kuisikia. Basi watoto wetu walizaliwa, wakabatizwa, wakamaliza shule, na bibi yao akawa anapelekewa picha. Kila tulipojenga chumba kipya mke wangu alimweleza kwa simu: dirisha liko hapa, kitanda kiko pale. Alikuwa anaeleza polepole, kisha anarudi jikoni.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani kwa gari. Mke wangu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiliita sanduku, akavuta hewa puani mara mbili.

"Baba ya batoto," akasema, "hii gari haina harufu."

"Itakuwa na harufu ya nini? Haina moshi."

"Haina harufu hata kidogo." Akanishika mkono nikiwa naendesha. "Mama anaweza kupanda."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miezi yote nilikuwa nahesabu kilomita, yeye kwa mara moja akapata kazi ya gari. Jioni hiyohiyo alipiga simu na kuweka sauti ya juu ili nami nisikie. Mama mkwe aliuliza maswali mengi. Kama gari iko na moto ndani. Kama jua likitua gari inalala. Mwishoni akasema:

"Nitapanda mara moja. Kama inanilaza mu barabara, musiniite tena. Na nitalala siku mbili tu, halafu munirudishe kwa ng'ombe zangu."

Mke wangu alikubali yote. Mimi nikabaki na namba kichwani: thelathini kwenda, thelathini kurudi, na betri ya sitini na kitu. Nafasi ilikuwa moja tu. Kama gari lingekwama na yule mama ndani, mke wangu asingepata tena siku ya kumwingiza mama yake katika nyumba yake, na angejua ni mashine yangu iliyomnyima.

Tulijiandaa juma zima. Friji ilizimwa siku nne. Majirani waliozoea kuchaji simu zao kwetu walikuta mlango umefungwa, na mmoja alinuna kabisa. Nilitoa ndani ya gari kila kitu kisicho na kazi: madaftari ya wanafunzi, mwavuli, viatu vya mvua, mfuko wa makaa ambao mke wangu aliusahau tangu Krismasi. Nilipima matairi asubuhi na jioni. Siku ya safari betri ilikuwa imejaa mpaka alama ya mwisho. Nilivaa shati la kwendea ukweni tukaondoka.

Kwenda kulikuwa kutamu. Pikipiki zilitupita zikipiga honi, lori la mbao likatupita, na kwenye kilima kimoja tulikwenda sambamba na kijana wa baiskeli aliyebeba ndizi, mke wangu akamuuliza bei mpaka wakaelewana. Mimi sikujali. Tulifika Iga Barrière betri ikiwa na asilimia hamsini na mbili. Nilipiga usukani kofi moja la furaha. Hesabu ilikuwa inakubali, na kidogo ikabaki.

Katika hesabu yangu nilikuwa nimeweka kila kitu: uzito wangu, wa mke wangu, wa mama mkwe, vilima, hata upepo. Kitu kimoja nilisahau, tena kitu ambacho hata mtoto wa Ituri hasahau. Hakuna anayetoka ukweni mikono mitupu.

Tulikula, tukasalimiwa, tukaombewa. Tulipoinuka, shemeji yangu akaanza kutoa vitu ndani ya nyumba. Gunia la maharagwe. Gunia la viazi. Mikungu miwili ya ndizi. Kidumu cha maziwa. Kuku wawili waliofungwa miguu. Mwisho akaja na mbuzi, mbuzi mnene, mwenye tumbo la pembeni. Kisha akatoka mama mdogo, yaani mdogo wake mama mkwe, amevaa kitenge kipya, na mfuko wake mkononi, kwa sababu mama mtu mzima haendi kwa mkwe wake peke yake. Lazima awe na wa kumsindikiza. Hilo pia nililijua tangu utoto wangu, na hilo pia nililisahau.

Nilisimama nikiangalia gari likikaa chini kwa nyuma. Zawadi ya ukweni haikataliwi wala haipunguzwi. Na kwetu mkwe hasemi ovyo mbele ya mama mkwe. Mtu anakaa mbali kidogo, anatazama chini, na neno lake analipitisha kwa mke. Shemeji akaniuliza: "Beau," ndivyo anavyoniita mimi shemeji yake, "itabeba?" Nilifungua kinywa kumweleza habari ya uzito na nguvu, nikasikia kinywa changu kikisema: "Haina shida, weka tu."

Kiburi tu. Nilitaka wakwe zangu waone gari langu ni gari.

Mama mkwe aliingia nyuma, akavuta hewa kwa tahadhari, akaivuta tena. "Kweli," akamwambia mdogo wake, "haina harufu." Kisha mbuzi akakojoa, lakini harufu hiyo yeye ameizoea, na wote wawili walicheka sana. Mke wangu alikuwa amegeuka kwenye kiti anamwangalia mama yake kama mtoto anayeangalia keki. Nikasema moyoni, twende tu.

Mvua ilikuwa imepita saa saba, barabara imelainika. Matope yanashika matairi, na kila gurudumu linapozama kidogo betri ndiyo inayolipa. Kilomita tano za kwanza zilikula asilimia kumi na mbili. Nilishuka mpaka mwendo wa thelathini. Nikazima redio. Nikazima hata feni ya kioo cha mbele, kikaingia ukungu, mke wangu akawa anakipangusa kwa kitambaa. Nyuma yangu mama wawili walikuwa wanasimuliana mashamba ya watu wanayoyaona njiani, nani amelima vizuri na nani ni mvivu. Mama mkwe alikuwa mzima, hana kichefuchefu, ana sauti kubwa. Mimi shati lilikuwa limenilowa mgongoni.

Tulipobakiza kilomita kama tisa, betri ilikuwa na asilimia kumi na moja, na mbele yetu palikuwa na kilima. Katikati ya kilima kioo cha usukani kikawasha taa ndogo ya manjano yenye picha ya kobe. Gari hili likichoka linaonyesha kobe, kisha linakataa kukimbia hata ukikanyaga mpaka chini. Tukawa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kisha chini ya huo. Nikaegesha pembeni, nikavuta breki ya mkono.

Kulikuwa na duka la kuchaji simu hapohapo, na nyuma yake jenereta ya mazutu, grupu tunavyoiita, imekaa chini ya bati. Nilimwambia mke wangu kwa sauti ndogo kwamba saa moja na nusu ya grupu ingetutosha.

"Ukiwasha ile kitu karibu na Mama, imekwisha," akajibu. "Atatapika hapa, hatapanda tena."

"Basi mwambie tushushe magunia."

"Zawadi ya Mama tuitupe mu barabara? Simwambii."

"Mwambie gari imezidiwa."

"Mwambie weye."

"Unajua siwezi kumwambia mimi!"

Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti. Miaka ishirini na miwili ya heshima ilikuwa inaelekea kuharibika kwenye kilima kile kwa sababu ya gunia la viazi. Nilijichukia, nikalichukia gari, nikamchukia na mbuzi. Mke wangu macho yalikuwa yamejaa maji. Hapo sauti ikatoka nyuma.

"Muniambie nini?"

Mama mkwe akasukuma mkungu wa ndizi kutoka magotini, akainama mbele kati ya viti vyetu, akatazama ile taa ya kobe, kisha akanisemesha mimi mwenyewe, moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mukwe, hii gari imechoka na mizigo, ao imekufa?"

"Imechoka, Mama," nikasema nikitazama usukani. "Mizigo ni mingi."

"Na weye mwalimu mzima unanyamaza? Punda akichoka, mutu anamushusha mizigo. Hamukuniuliza. Vitu ni vyangu, nimevitoa kwa mikono yangu. Miye mwenyewe nitasema vile vinafika." Akafungua mlango, akainua fimbo juu, na pikipiki mbili zilizokuwa zinapita zikasimama palepale. Sijawahi kuona pikipiki zikisimama haraka hivyo. Akawapangia kama mtu anayepanga ng'ombe kuingia zizini: magunia mawili kwa yule, ndizi na kuku na mama mdogo kwa huyu. Mama mdogo, ambaye hana tatizo lolote na mazutu wala esansi, alipanda akiwa amempakata mbuzi kifuani, kitenge kipya na vyote, akapita mbele yetu akicheka kwa sauti ambayo ilisikika mpaka juu ya kilima.

Mama mkwe akarudi kwenye kiti, akafunga mlango. "Kidumu ya maziwa inabaki na miye," akasema. "Twende. Na usikimbize."

Hakukuwa na haja ya kuniambia hilo. Gari lilipanda kilima likitetemeka kidogo, asilimia saba, sita, tano. Juu kabisa nikaachia mguu na mteremko ukatupokea. Namba ikasimama. Kisha ikarudi sita. Nikasahau heshima zote nikapiga kelele: "Inapanda! Mama, inapanda!" Akauliza nini inapanda. Nikamweleza, nikamweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mwanafunzi yeyote, kwamba tukishuka gari linarudisha nguvu liliyoitumia kupanda, si yote, kidogo. Alisikiliza, akafikiri, akasema basi mungejenga nyumba yenu chini ya kilima. Niliona hilo ni jibu la mtu aliyeelewa.

Tuliingia Bunia na asilimia tatu. Lango la nyumba lilikuwa wazi na pikipiki zilikuwa zimekwisha kufika. Gari liliingia uani, likasimama mahali pake, nikaona sifuri kabla sijazima. Mke wangu alishuka akakimbia kufungua mlango wa mama yake. Walipita chumba kwa chumba, mke wangu akiwa amemshika kiwiko, na mama mkwe akiweka kiganja kwenye kila ukuta. Kwenye chumba cha watoto akasema: "Dirisha iko hapa. Kitanda kule. Vile ulinielezea." Mke wangu aliangua kilio kikubwa, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, na mimi nilikwenda nje kumfunga mbuzi, ambaye hakuhitaji kufungwa, kwa sababu nami nilikuwa nalia.

Siku mbili zikapita kwa mvua. Gari lilikuwa tupu, paneli hazina kitu. Mama mkwe akasema si neno, atangoja, shemeji anaangalia ng'ombe. Mvua ikaendelea mpaka Alhamisi. Ijumaa jua likatoka zuri sana, nikaunganisha waya kabla ya kwenda shule. Nilipotoka shuleni betri ilikuwa na asilimia nne. Nikaona ajabu. Jumatatu vilevile. Jumanne nilifungua mashine ya kugeuza umeme, nikapima fyuzi zote, nikapanda juu ya bati kufuta paneli, nikampigia simu fundi aliyenifungia paneli na kumwambia maneno ambayo baadaye ilinibidi nimwombe radhi. Kila kitu kilikuwa kizima. Asubuhi naacha waya umeingia, mchana narudi, gari ni tupu. Fizikia haikuwa na maelezo.

Jumatano sikuwa na masomo ya asubuhi. Niliingiza waya mbele ya watu wote, nikasema naenda kulala kidogo, nikakaa nyuma ya pazia la chumbani na bisibisi mkononi, tayari kuisikia mashine ikianza kugoma.

Mashine haikugoma. Baada ya dakika chache mama mkwe alitoka jikoni na fimbo yake. Alitazama upande wa lango, akatazama upande wa dirisha langu. Akasogea polepole na magoti yake yale mpaka kwenye gari, akauchomoa waya, akauweka juu ya jiwe kavu ili usiharibike, na kuufunika kwa kitambaa chake cha kichwa. Kisha akarudi jikoni. Nikasikia kiti kikivutwa, kisu kikaanza tena kumenya viazi, na yeye na binti yake wakaendelea na hadithi waliyoiacha katikati, wakicheka.

Nilikaa pale nimeshika bisibisi.

Baadaye kidogo mke wangu akaita kutoka jikoni: "Baba ya batoto! Mama iko nauliza, gari imejaa?"

Nje hapakuwa na wingu hata moja. Jua lilikuwa kali mpaka bati lilikuwa linalia.

"Bado," nikajibu. "Mwambie jua ni kidogo."